Bampa Iliyogoma Kuvunjika

Wifi yangu analipwa kuvunja vitu. Ndivyo kaka yangu alivyokuwa akimtambulisha kwa watu, kwa ile sauti yake ya kupasua masikio iliyofanya madereva wenzake wamwite Honi. "Huyu mke wangu," atasema, "nyumbani havunji hata kikombe, lakini kazini mwachie tu." Watu wanacheka, wifi anamfinya ubavuni, na mimi natazama pembeni nikijifanya nimechoka na mzaha wa kila siku. Sasa kaka yangu hayupo. Mzaha ule hakuna anayeweza kuutamka nyumbani kwetu bila mtu mmoja kuinuka na kutoka chumbani.

Kazi yenyewe ni kubuni bampa za magari. Karakana yao iko nyuma ya maduka ya matairi, jengo refu la mabati lenye harufu ya gundi inayokukaba ukiingia tu na kukufuata mpaka nyumbani. Wafanyakazi wanakata, wanamimina, wanapiga msasa, na mwenye mali, ambaye wote tunamwita Tajiri, anazunguka katikati yao na simu zake mbili. Wifi ana chumba chake pembeni: meza ya kuchorea, dirisha lililojaa vumbi jeupe la msasa, na rafu ya bampa zilizopasuka ambazo haruhusu mtu azitupe. Alisomea mambo hayo chuo cha ufundi, mwanamke peke yake darasani. Hiyo ni hadithi nyingine, na ukimkuta ana hasira atakusimulia yote.

Nyuma ya karakana kuna mteremko wa saruji unaoishia kwenye ukuta mnene. Juu ya mteremko anaweka toroli la chuma, mbele ya toroli anafunga bampa, na juu ya toroli kuna kiti cha gari. Kwenye kiti anakalisha bakuli, na ndani ya bakuli yai bichi. Kisha toroli linaachiwa. Bampa ikipasuka na yai likabaki zima, wifi anapiga kofi moja na kurudi mezani kwake kuchora. Bampa ikibaki nzima na yai likapasuka, bampa hiyo haionekani tena, na yai wafanyakazi wanalikaanga na kulila na mkate. Ndiyo maana wenzake wanamwita Fundi Mayai. Wengine walikuwa wakimwombea kimyakimya ashindwe, maana akifaulu siku nzima wao wanakula mkate mkavu.

Mimi ni msusi. Kazi yangu ni vidole na mdomo, na mdomo ndio unaotangulia. Niliposikia habari hizo mara ya kwanza nilimwambia kaka, "Umeoa mtu anayetengeneza sufuria ili ivuje." Hakukasirika. Alichukua kiberiti changu kwenye meza ya saluni, akakiweka kati ya ngumi yake na ukuta, akapiga. Kiberiti kikabonyea. Akaniambia niangalie ngumi, haina kitu. Kisha akapiga ukuta mtupu, polepole tu, akakunja uso. Wateja wangu wawili walicheka mpaka nikashindwa kuwasuka. "Umeona sasa?" akasema. "Kishindo lazima kipate kitu cha kula. Usipokipa bampa, kitakula mtu." Maneno hayo yalikuwa ya mke wake, lakini aliyasema kwa majivuno kana kwamba yeye ndiye aliyeyazaa.

Kwa hiyo asije mtu akasema kaka yangu hakuelewa. Alielewa vizuri kuliko sisi wote.

Alikuwa anaendesha pikapu ya kiwanda cha mikate. Wifi ndiye aliyeifunga bampa ya pikapu ile kwa mikono yake, siku ya mapumziko, kaka akiwa amechuchumaa pembeni anampa spana. Nje ni plastiki nyeusi iliyosuguliwa ikang'aa. Ndani yake ni sponji ngumu, na nyuma ya sponji vikopo viwili vya bati jembamba lililokunjwakunjwa, ndivyo vinavyoishikilia bampa kwenye chesesi, mifupa ya gari. Gari likigonga, plastiki inapasuka, sponji inabonyea, vikopo vinasinyaa, na kishindo kinaishia humo njiani. Siku ile walimaliza wakiwa wamepakaa grisi mpaka usoni, wakaja kwangu hivyohivyo kuomba chai.

Shida ilianzia kwenye uwanja wa kupakia mikate. Pale kila asubuhi magari yanabanana, huyu anarudi nyuma, yule anasogea mbele, na kugusana ni jambo la kawaida. Wenzake kaka wengi walikuwa wamejifungia mabomba ya chuma mbele ya magari yao. Wakigusana, kinasikika kishindo, wanatukanana kidogo, kila mtu anakwenda zake. Pikapu ya kaka ikiguswa, bampa inapata ufa. Ufa wa kwanza walicheka. Wa pili wakaipa jina: Biskuti. "Honi, leo biskuti imelowa?" "Honi, usipite karibu na chai!" Na yeye, mwenye mdomo mpana kuliko wote, alijibu kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akacheka nao.

Lakini nyumbani alianza kunyamaza, na Honi akinyamaza ujue kuna jambo. Jioni moja, tukiwa mezani, alimuuliza mkewe, "Huwezi kuifanya iwe ngumu kidogo? Kwa nje tu, wasione ufa?"

"Ikiwa ngumu kwa nje, wa ndani ataumia," wifi akajibu, akamwongezea mboga. "Waache waseme. Mimi najua kazi yangu."

"Najua unaijua."

"Basi kula."

Akala. Yakaishia hapo, au sisi tulidhani yameishia hapo.

Kisha ikaja siku wifi alipompelekea kaka uwanjani simu aliyoisahau kitandani. Madereva walikuwa wamekaa juu ya kreti wakisubiri mikate itoke. Mmoja akapaza sauti, "Shemeji! Tunaomba bampa mbili, moja ya kugonga, nyingine ya kunywea chai!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wifi naye alicheka, tena kwa moyo, maana huyo mwanamke huwezi kumuumiza kwa maneno ya watu wasiojua kuchora mstari ulionyooka. Alinisimulia siku hiyohiyo huku namfumua nywele, bado anacheka. Hakuona kwamba mumewe hakuwa amecheka. Au aliona, akafikiri itapita, kama wanawake wote tunavyofikiri.

Asubuhi ya kifo mvua ilikuwa imenyesha. Kaka alikuwa akishuka kuelekea daraja dogo akiwa na mikate ya moto nyuma, matairi yakateleza, akagonga ukuta wa daraja. Hakuwa akienda mbio. Waliomwona walisema alifungua mkanda mwenyewe, akafungua mlango mwenyewe, akaanza kuokota mikate iliyomwagika. Kisha akampigia mkewe simu.

"Nimegonga ukuta," akamwambia. "Lakini mimi mzima, usihangaike."

Wifi akamuuliza swali analomuuliza kila mtu aliyegonga, kabla hata ya pole. "Bampa imevunjikaje?"

Mkewe anasema alisikia maji ya mtoni kwenye simu. "Iko sawa," akasema hatimaye. "Haina neno."

"Haina neno vipi? Umegonga ukuta."

"Haina neno, nakwambia. Kifua tu kinabana kidogo."

Hapo wifi alianza kupiga kelele. Alimwambia aache mikate, aache gari, asimamishe mtu yeyote ampeleke hospitali sasa hivi. Aliyachukua madaftari, kalamu, chochote kilichokuwa mezani, akavitupa chini akitafuta viatu vyake. Alipofika hospitali mumewe alikuwa ameshakata roho njiani, kwenye kiti cha nyuma cha gari la mtu asiyemjua. Daktari alisema damu ilivujia ndani. Kwa nje hakuwa na jeraha.

Nyumba ikajaa watu. Msiba wa mtu mwenye sauti kubwa huwa una watu wengi. Mama yetu alikaa kwenye kochi la kona, miguu haigusi sakafu vizuri, kila anayeingia anamshika mikono. Madereva wa mikate walikuja wote, wameoga, wamevaa mashati ya kola. Yule wa bampa ya chai alipiga magoti mbele ya wifi, machozi yanamtiririka, akasema kwa nia njema kabisa, "Shemeji, tunaomba msamaha. Tulikucheka bure. Bampa yako haina hata mkwaruzo. Imegonga ukuta wa saruji, ukuta umemeguka, bampa inang'aa. Hakika wewe ni fundi."

Chumba kizima kikaitikia. Mama naye akakubali kwa kichwa, kwa mara ya kwanza nikaona uso wake umelegea kidogo. "Angalau kazi ya mke wake haikumwangusha," akasema.

Wifi aliinuka, akanishika mkono, akaniambia nimpeleke gari lilipo.

Lilikuwa kwenye yadi ya magari yaliyopata ajali, kati ya basi lisilo na vioo na pikipiki zilizoshikana. Kweli bampa ilikuwa inang'aa. Wifi alilala chali kwenye matope na gauni lake la msiba, akaingiza mkono nyuma ya plastiki, akapapasa. Alikaa humo muda. Alipotoka alikuwa amekauka uso.

"Si yangu," akasema.

Nilimchukia. Nasema ukweli, wakati ule nilimchukia. Niliona mtu anayemkana mumewe kwa ajili ya bampa. Nikamwambia, "Wifi, mume hata hajaoza, unaanza kutafuta wa kumsingizia?" Hakunijibu. Alinivuta mkono, akauingiza mle ndani, na mimi nikagusa. Sponji hakuna. Vikopo hakuna. Palikuwa na bomba nene la chuma, baridi, limechomelewa moja kwa moja kwenye chesesi upande huu na upande ule. Mwenye macho haambiwi tazama, na mwenye vidole vilevile.

Fundi wa kuchomelea tulimjua. Kila mtu anamwita Cheche, na alikuwa rafiki wa kaka tangu shule ya msingi. Tulimkuta ameketi nje ya kibanda chake, hajawasha mashine tangu siku ya ajali. Alipomwona wifi alifunika uso kwa miwani yake ya kazi, ile nyeusi, akalia humo ndani.

"Nilimkatalia, shemeji," akasema. "Nilimwambia, mkeo akijua? Akasema hutajua, kwa nje tutaifunika plastiki mpya, nene, inayofanana na yako. Nikamuuliza unafanya nini Honi, wewe si ndiye unayetuhubiria habari za kishindo kila siku? Akasema, 'Nataka wanyamaze tu. Nataka wamheshimu.' Ndivyo alivyosema. Nataka wamheshimu."

Wifi alikaa chini palepale, kwenye vipande vya chuma.

Tulirudi nyumbani tukakuta Tajiri ameketi karibu na mama. Wahenga walisema kufa kufaana, nami nilikuwa nikidhani wanazungumzia urithi. Picha ya bampa ile ilikuwa imeshazunguka kwenye simu za madereva wote wa mji. Walikuwa wakiitaka: ya Honi, ileile iliyomegua ukuta. Tajiri si mtu mbaya. Alikuwa amelia, macho mekundu, na alizungumza kwa adabu. Alisema karakana ingependa kuiiga bampa ile ilivyo, ngumu vilevile, kuitengeneza kwa wingi, na kuipa jina la marehemu. Itaandikwa mbele, kwa herufi za kuinuka: HONI.

Mama alikuwa amemshika mkono kwa mikono yake miwili. "Umesikia, mkwe wangu?" akamwambia wifi. "Jina la mume wako litatembea barabarani. Mwanangu hakufa akapotea."

Nilimvuta wifi mpaka jikoni. Nilimwambia asimwage mtama penye kuku wengi. Nilimwambia angoje, mwezi, miezi, mama apate nguvu. Nilimwambia na jambo la pili, ambalo ndilo lililoniuma zaidi: akisema ukweli, watu watasema kaka alijiua kwa ujinga, na mke ndiye aliyekuwa sababu. Atamzika mara mbili, na mara ya pili atajizika naye.

"Wakianza kuzitengeneza wiki ijayo," akaniuliza, "mwezi mmoja watakufa watu wangapi?"

Aliosha mikono iliyokuwa na matope, akaifuta polepole, akatoka.

Alipiga magoti mbele ya mama na kusema yote. Hakupunguza, hakupamba. Alisema bampa iliyobaki nzima ndiyo iliyomuua mumewe, kwa sababu ilikataa kuvunjika, na kishindo chote kikaenda kwake. Alisema nani alichomelea chuma na nani aliagiza. Tajiri alitoa mkono wake kwenye mikono ya mama, taratibu, kama mtu anayetoa sindano. Yule dereva wa bampa ya chai alitoka nje, tukamsikia anatapika karibu na bomba la maji.

Mama akauliza, kwa sauti ndogo, "Kwa nini hukumweleza? Mtu mwenye kazi yake ndiye anayepaswa kueleza. Kwa nini hukumwambia kwamba bampa ikivunjika ndiyo imefanya kazi?"

"Nilimwambia, mama."

"Ulimwambia lini?"

"Kila siku. Alijua, mama. Alijua kabisa."

"Sasa kama alijua?"

Hapo nikamjibia wifi mimi. "Hakupenda wamcheke mke wake."

Mama alimtazama wifi. Nimeyafikiria sana macho yale na bado siwezi kuyasema. Haikuwa chuki. Chuki tungeipatia dawa. Alisema tu, "Ningependa ungekuwa mwanamke asiyefaa kupendwa hivyo," akageukia ukuta, na tangu siku hiyo anamsalimia mkwewe, anakula chakula chake, anamwombea, lakini hajawahi tena kukaa naye peke yao.

Tajiri hakutengeneza bampa ile. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alivunja oda zote na kuwaeleza watu sababu. Wengi hawakuamini. Karakana nyingine ilizitengeneza, bila jina, na mpaka leo unaziona barabarani zinang'aa. Wifi anazihesabu, najua anazihesabu, ingawa anakataa.

Juzi nilimpelekea chakula karakanani. Nje kulikuwa na gari dogo, uso wake umesambaratika, na baba mmoja mnene amesimama uani, mikononi ameshika vipande vya plastiki nyeusi. Alikuwa anafoka. "Bampa gani hii? Nimegonga nguzo kidogo tu, imekuwa unga! Mnatuibia! Hata ndoo ya maji ina nguvu kuliko hii takataka!"

Wafanyakazi walikuwa wameacha msasa wanatazama. Wifi alitoka chumbani kwake, kalamu bado sikioni.

"Pole, baba," akasema. "Mlikuwa wangapi ndani?"

"Nini? Mimi na mke wangu na watoto. Lakini mimi nazungumzia bampa!"

"Wako wapi?"

"Si hao!" Akaonyesha gari kwa hasira. Kwenye kiti cha nyuma watoto walikuwa wanagombania chungwa, na mama yao amefungua mlango anajipepea kwa gazeti, amechoshwa na kelele za mumewe.

Wifi aliwatazama mmoja mmoja. Machozi yalianza kumtoka bila yeye kuyafuta, na yule baba akapunguza sauti, akajikuna shingo. "Dada, sikutaka kukuliza. Ni bampa tu, jamani."

"Hapana," wifi akamwambia. "Endelea. Sema yote uliyokuja kusema."

Na mimi nilisimama pale na bakuli la chakula likinichoma vidole, nikimtazama mwanamume yule mzima, jasho linamtiririka, vipande mkononi, watu wanamcheka pembeni. Nilimwonea wivu mke wake mpaka nikaona haya. Ningetoa chochote awe ni kaka yangu anayepiga kelele vile, na uwanja mzima umwite Biskuti mpaka azeeke.